Wazee wetu watunzwe kwa feza ya nani?



Kila wiki, ndani ya magrupu ya WhatsApp ya familia zetu, kunapita ujumbe wa namna moja. Picha ya mzee amelala kitandani, jina la hospitali, na chini yake namba ya M-Pesa ao ya Airtel Money. «Familia, papa amelazwa tangu jana, wanaomba feza ya vipimo na ya kitanda, kila mtu alete kile ako nacho.» Mwenye kazi anatuma kidogo. Mwenye hana anaandika «Mungu amusaidie» na anazima data. Ndugu wa Ulaya anapigiwa simu saa nane za usiku. Kwa wazee wengi wa inchi hii bima ya afya ni hiyo: telefone ya watoto wao.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu ni sisi vijana wa miji tunaolipa ile fakture. Tunalipa kwa mshahara ambao haujaingia, kwa deni, kwa kuuza moto, kwa kuacha masomo mwaka mmoja. Na wengi wetu hatujui kwamba kuna mambo ya kuchagua mbele ya ugonjwa kufika. Yako machache, yana matundu, lakini yako. Mwenye kuyajua anaweza kumwokoa mama yake. Anaweza pia kujua ni mlango gani wa kugonga anapodai haki.

Tuanze na serkali. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inasema kwamba mtu wa umri mkubwa na mtu mwenye ulemavu wana haki ya hatua maalum za kuwalinda, kulingana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya utu. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya. Kisha sheria ya tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili 2018 juu ya afya ya raia ikaleta Couverture Santé Universelle, CSU kwa kifupi: kila mtu atunzwe, na asifilisike juu ya kutunzwa. Tarehe 5 mwezi wa tisa 2023 Rais aliizindua CSU huko Kinshasa. Ile ilikuwa hatua ya kweli, na hatuna haya ya kuisema, hata kama hatuna mazoea ya kupigia serkali makofi.

Lakini tuangalie ni nani aliingizwa ndani. Paketi ya kuanzia ni mama mwenye mimba na mtoto aliyezaliwa: vipimo vya mimba, kuzaa, hata kuzaa kwa kupasuliwa, na matunzo ya mtoto mpaka siku 28. Hatulalamiki juu ya hilo. Inchi ambamo akina mama bado wanakufa kwa kuzaa inapashwa kuanza na mama. Mwenye mkokoteni wa afya amepakia wale walio kwenye mlango wa kuingia duniani. Wale walio karibu na mlango wa kutoka, hakuna aliyewaambia watapanda lini.

Kwa hiyo mtu akikuambia «mzee wako atatunzwa bure, si kuna CSU?», mwulize: kwa ugonjwa gani? Presha haiko ndani ya ile paketi. Sukari haiko ndani. Mtoto wa jicho, prostate, mfupa wa nyonga uliovunjika kwa kuteleza bafuni, hakuna. Isipokuwa ile mipango maalum kama ya kifua kikuu na ya sida, ambayo dawa zake zilikuwa bure hata mbele ya CSU. Mzee akikohoa wiki tatu, apelekwe kupimwa kifua kikuu bila kuogopa bei ya dawa. Hilo ni kubwa, na watu wengi bado hawalijui.

Sasa wengine wanasema: papa alifanya kazi miaka 30, alikatwa kila mwezi, kwa hiyo CNSS itamtunza. Hapana. Tuelewane vizuri, kwa sababu hapa familia nyingi zinadanganyika. CNSS, ile iliyokuwa zamani INSS, inaongozwa na sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016. Mchango wake ni asilimia 18 ya mshahara: 5 zinatoka mfukoni mwa mfanyakazi, 13 zinatoka kwa mwajiri. Feza hiyo inaingia katika matawi matatu: pensheni, ajali na magonjwa ya kazi, na malipo ya familia. Tawi la ugonjwa wa kawaida haliko. Mzee anaweza kuwa na karatasi zake zote, akapokea pensheni yake kila inapofika, na bado akifika hospitali na malaria ao presha analipa franga kwa franga sawa na mtu yeyote. Pensheni ni feza ya chakula. Haikuwekwa kuwa bima ya matunzo.

Na wakati alipokuwa kazini, nani alikuwa anamtunza? Mwajiri wake. Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inamlazimisha mwajiri kumtunza mfanyakazi na familia yake wakati wa ugonjwa. Tena sheria hiyo inaeleza familia ni nani: bwana ao bibi, na watoto, pamoja na wale aliowachukua kisheria. Papa na mama wa mfanyakazi hawamo katika hesabu hiyo. Vijana wengi wanajua hilo siku ya kwanza ya kazi, wanapojaza ile fishi na kuandika jina la mama yao, na mtu wa ofisi anafuta mstari. Kwa hiyo sheria imetengeneza shimo la ajabu: mfanyakazi anatunzwa mpaka siku ya pensheni, yaani miaka 60. Kuanzia pale, wakati mwili unaanza kuhitaji muganga kuliko mbele, anatoka kwa mwajiri wake, na hawezi kuingia kwa mwajiri wa mtoto wake.

Watu wa Katanga wanalijua shimo hilo kuliko sisi wote. Enzi za Union Minière, na kisha Gécamines, watu walikuwa wanasema kampuni ndiyo baba, kampuni ndiyo mama. Nyumba, unga wa kila mwezi, masomo, hospitali, vyote vilipitia matrikule ya papa. Mwaka wa 2003 kampuni ilikuwa imeanguka, mishahara ilikuwa haionekani kwa miezi na miezi, na Banque mondiale ikalipia mpango wa «kuondoka kwa hiari». Wafanyakazi 10.655 wakasaini. Wengi walikuwa na zaidi ya miaka 25 ya kazi. Waliondoka na feza mkononi, lakini hawakuondoka na hospitali. Malalamiko yao yamekuwa ya miaka mingi, wameunda kolektifu, wamepiga hodi mpaka Washington, na ubishi ulikuwa juu ya kiasi cha feza walizopewa. Ni haki yao. Ila sisi tunapoangalia leo, tunaona kwamba kitu cha bei kubwa walichopoteza siku ile hakikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote: matunzo ya uzee. Aliyesaini akiwa na miaka 50 leo amepita 70. Mkiwa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, muulizeni mzee mmoja wa ODV feza yake iliishia wapi. Wengi watawaambia biashara iliyokufa, nyumba isiyomalizika, na maradhi.

Na bado tunazungumza juu ya wale waliokuwa na matrikule. Mama aliyeuza makala Kadutu, mama aliyeuza samaki Virunga, mama aliyelima Kabare ao Masisi na kulea watoto tisa, hajawahi kuwa na mwajiri. Hakuna CNSS, hakuna fishi, hakuna karatasi. Tena serkali yenyewe haijui wako wangapi: sensa ya mwisho ya inchi hii ilifanywa mwaka wa 1984. Mtoto aliyehesabiwa ile siku akiwa mgongoni mwa mama yake, leo naye ako anaanza kuvaa miwani.

Basi kunabaki nini? Kunabaki mutuele ya afya. Na hapa tunaomba mutulie kidogo, kwa sababu ndipo uchaguzi wa kweli uko.

Neno lenyewe linachanganya watu, hasa wale wenye ndugu huko Ulaya. Ufaransa, Sécurité sociale inalipa sehemu ya kwanza ya matunzo, na mutuele inakuja juu yake kulipa ile iliyobaki. Ni nyongeza. Ubelgiji, mutuele ndizo zinazobeba ile bima ya lazima yenyewe, na zinauza nyongeza pembeni. Sisi tumechukua jina, lakini chini yake hakuna kitu. Kwetu mutuele ndiyo msingi, ndiyo ukuta, ndiyo bati. Kwa hiyo usiidai ifanye kazi ya nyumba nzima, na usiidharau kwa sababu haifanyi.

Namna inavyofanya kazi ni nyepesi. Familia inaandikisha watu wake wote, inalipa mchango mara moja kwa mwaka, na mtu akigonjwa anapita kwanza kituo cha afya cha karibu, anapewa karatasi ya kumtuma hospitali ikihitajika, na mutuele inalipa sehemu kubwa ya fakture. Mgonjwa anabaki na sehemu yake, ile wanaita ticket modérateur. Mutuele za namna hiyo ziko: Bukavu na milima yake zinajulikana tangu miaka ya 1990, kwa mkono wa ofisi za afya za dayosisi, waalimu wana yao, inayokatwa kwenye mshahara, na tangu sheria ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 mutuele zote zinapashwa kufuata kanuni moja na kuandikishwa.

Na siyo kitu cha wazungu. Bwamanda, huko Ubangi, hospitali ilianzisha bima yake mwaka wa 1986, enzi za Zaire, wakati hali ilikuwa ngumu sana. Familia nzima iliandikishwa pamoja. Mchango ulikuwa unapokelewa wakati watu wameuza kahawa na soya, yaani wakati feza iko ndani ya nyumba, siyo wakati mtoto ana homa. Mwanachama aliyelazwa alilipa asilimia 20, bima ililipa 80. Wenyeji wengi wa eneo lile waliingia. Hakukuwa na intaneti, hakukuwa na mobile money, kulikuwa na daftari, mashua ya kahawa, na hospitali ambayo watu walikuwa wanaiamini. Kila tunaposikia mtu wa wizara akisema Wakongomani hawana utamaduni wa bima, tunafikiri juu ya Bwamanda.

Tufanye hesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano, siyo za mutuele fulani. Nyumba ya watu 7, dolari 6 kwa mtu kwa mwaka: ni dolari 42. Mama anapasuliwa kwa dolari 250. Mutuele inalipa asilimia 80, munabaki na 50. Ukijumlisha na mchango, mwaka huo mumetoa dolari 92 badala ya 250. Lakini mwaka ambao hakuna aliyegonjwa, zile 42 zimeenda. Ndipo kijana anasema «wametuibia». Hawakukuibia. Zile 42 zimelipia mama wa mtu mwingine, na mwaka ujao za yule mtu zitalipia wa kwako.

Hapa tuseme neno gumu kidogo kwa sisi wenyewe. Kuna ujanja unaotembea mjini: «Niandikishe mama peke yake, sisi wengine tuko wazima, tutabaki na feza yetu.» Kama kila nyumba inaleta mzee wake tu na inaficha vijana wake, mfuko unakuwa wa wagonjwa watupu, na unakauka kabla ya mwisho wa mwaka. Ndiyo maana mutuele nzuri inakataa mtu mmoja mmoja na inadai nyumba nzima. Ukikuta moja inayokubali mzee wa miaka 75 peke yake kwa bei ndogo, siku ileile, bila swali, usifurahi mbio. Uliza kwanza kama itakuwa hai mwezi wa sita.

Kwa sababu ziko nyingi zilizokufa. Mutuele haifi kwa ugonjwa wa wanachama tu, inakufa pia kwa ugonjwa wa wakubwa wake. Kwa hiyo mbele ya kutoa franga, nenda ukiwa na maulizo. Iko na agrément? Mkutano mkuu wa wanachama ulifanyika lini mwisho, na hesabu zilisomwa mbele ya watu? Hospitali gani zimesaini nayo, na je, zinalipwa kwa wakati? Swali hili la mwisho usiliulize ofisini. Liulize kwa infirmier wa hospitali yenyewe, yule anayepokea bon. Akitabasamu na kusema «oh, wale…», umejibiwa.

Kisha uliza muda wa kungoja. Karibu zote zina muda kati ya kulipa na kuanza kutunzwa, mara nyingi miezi kadhaa. Ndiyo sababu kumwandikisha papa siku anapolazwa ni kazi bure. Tena kuna mwezi wa kuandikisha: nyingi zinafungua mlango mara moja kwa mwaka, na ukichelewa unangoja mwaka mzima. Jua mwezi ule, uandike kwenye telefone, na panga feza mbele. Ile akili ya Bwamanda inafaa hata mjini: mwenye mshahara alipie siku ya mshahara, mwenye shamba la maharagi alipie wakati wa mavuno, mwenye ndugu Ulaya amuombe ile dolari 42 mara moja badala ya kumuamsha usiku mara sita.

Na uliza juu ya dawa za kila mwezi. Hapa ndipo wazee wanapotea. Mutuele nyingi zimejengwa kwa ajili ya malaria, kuzaa na upasuaji, yaani ugonjwa unaokuja na kwenda. Uzee hauna ugonjwa wa namna hiyo. Presha ikiingia haitoki. Sukari ni kila siku. Mzee analipiwa vizuri siku tatu za hospitali, anarudi nyumbani na ordonansi, na ile ordonansi haiko kwenye kontra. Tuseme dawa yake ni dolari 8 kwa mwezi: ni 96 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya mchango wa nyumba nzima. Mzee anameza wiki mbili, anaruka wiki mbili, «kwa sababu najisikia vizuri». Kisha anaanguka na upande mmoja wa mwili unakufa. Ile hospitali ya stroke mutuele italipa sehemu, lakini mguu haurudi. Vilevile miwani, meno, kigari cha kutembelea, dialise: soma vizuri kile ambacho hakiko, kwa sababu mara nyingi ndicho mzee wako atahitaji.

Hapo ndipo nyongeza inakuja, na tunafikiri nyongeza bora kwa nyumba za kawaida iko tayari katika mtaa. Ni AVEC. Makundi yetu ya kuweka na kukopeshana yana ule mfuko wa pembeni wa kusaidiana, ambao mara nyingi unatoka kwa kilio tu, tunanunua jeneza na sanduku la soda. Kundi la watu 20 linaweza kukata kauli kwamba sehemu ya mfuko ule inanunua dawa za presha na sukari za wazazi wa wanachama, kwa pamoja, kwenye duka moja la dawa lenye kuaminika, kwa miezi mitatu mitatu. Ukinunua ya watu kumi unaweza kuomba bei. Tunatoa feza nyingi kwa mazishi na kidogo kwa vidonge, na hilo hatuwezi kulitupia serkali.

Na zile bima za biashara? Tangu sheria ya tarehe 17 mwezi wa tatu 2015 Sonas haiko tena peke yake, na kampuni za binafsi zimepewa ruhusa, chini ya uangalizi wa ARCA. Zinauza bima ya afya, ndiyo, lakini zaidi kwa makampuni, na kwa bei ya makampuni. Kwa mzee mmoja wa mtaa, mara nyingi atakutana na mpaka wa umri, na maulizo marefu juu ya magonjwa aliyokuwa nayo zamani. Hatusemi usijaribu. Kama uko na kazi nzuri katika kampuni iliyonunua bima ya namna hiyo, uliza ofisi kama unaweza kuongeza mzazi kwa kukatwa kwenye mshahara wako. Ulizeni kwa pamoja, kwa njia ya delege sindikale, kwa sababu mtu mmoja akiuliza ni ombi, watu 60 wakiuliza ni mazungumzo. Hatuoni sababu gani jambo hilo lisiwe katika makubaliano ya kazi ya kila migodi na kila benki ya inchi hii. Na ukisaini, usidanganye juu ya presha ya mama. Wakigundua, watakataa kulipa siku ile unapowahitaji.

Wale wa Goma na Bukavu watatuambia kwamba tunaongea kama watu wenye amani. Ni kweli. Mabenki yalifungwa Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu yakafuata mwezi wa pili. Mzee mwenye pensheni inayopita benki, mutuele yenye feza yake benki, wote wamekamatwa. Katika hali hiyo mtaa ndio unabaki, na ndiyo sababu zaidi ya kuweka dawa za kila mwezi katika makundi madogo, ambayo yanaweza kuendelea na sanduku lenye funguo tatu.

Wanaovuka mpaka wanajua pia kwamba upande wa pili mituweli inafanya kazi: mchango kwa mtu kwa mwaka, asilimia 10 ya kulipa hospitalini, na serkali inalipia maskini. Hatuna sababu ya kuisifu serkali ya Kigali, na munajua kwa nini. Lakini mzee maskini wa Gisenyi analipiwa na serkali yake, na mzee maskini wa Birere analipiwa na mjukuu wake anayebeba mizigo. Hilo halitokani na utajiri wa udongo. Udongo tajiri uko upande wetu.

Ndiyo maana mutuele na AVEC havitoshi, na hatutaki mtu atumie maneno yetu kusema «vijana wamejipanga, serkali ipumzike». Maskini kabisa hana dolari 42. Mjane wa miaka 80 anayeishi peke yake hana nyumba ya watu 7 ya kuchangia. Kwa hao hakuna mutuele itakayosimama bila mkono wa hazina ya serkali.

Tunadai basi kwamba kundi linalofuata la CSU liwe la wazee, kuanzia miaka 60, kwa kuanza na vitu viwili ambavyo si vya bei kubwa: kupima na kutibu presha na sukari katika kila kituo cha afya, na dawa zake za kila mwezi bure. Tunadai Fonds de solidarité de santé, ambayo sheria imeiweka kubeba feza za CSU, itangaze mbele ya raia feza ilizopokea na ilizotoa, mkoa kwa mkoa. Tunadai kodi ya serkali ilipie mchango wa mutuele wa wazee wasio na kitu, badala ya kuacha kila mutuele ijifanye kanisa. Tunadai sheria ya kazi iruhusu mfanyakazi kumwandikisha mzazi anayemtegemea. Na tunadai hospitali iache kumfunga mzee aliyepona eti mpaka familia ilipe: mtu mwenye miaka 70 akilala kwenye korido wiki tatu juu ya deni, deni lile linakua na ugonjwa mpya unaanza.

Kikao cha bajeti cha Bunge kinafunguka tarehe 15 mwezi wa tisa. Kabla ya pale tunaomba kila seksio, katika kila mji, ipite kwenye mutuele za mtaa wake na iandike mambo matano: bei kwa mtu, mwezi wa kuandikisha, muda wa kungoja, hospitali zinazokubali bon, na kama dawa za presha na sukari ziko ndani. Andikeni pia jina la komuni na tarehe muliyouliza. Mutuletee karatasi hizo mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Tutazipanga mji kwa mji, tuziweke hapa ili kila mtu achague akiwa anaona, na tuwapelekee wabunge nakala, kila mmoja na ya eneo lililomchagua.